Ukavu ukeni baada ya kukoma hedhi: kilainishi, jeli ya unyevu au estrojeni?

Kabla ya kuuliza dawa ipi ni nzuri, jiulize inakusumbua saa ngapi. Anayeumia wakati wa tendo la ndoa tu hahitaji kitu kile kile na mama anayechomwa kutwa nzima, amekaa kwenye kigoda anaanika dagaa Igombe, Mwanza, kila akijigeuza panawaka. Na hao wawili hawafanani na yule ambaye kila baada ya miezi miwili anarudi dirishani kununua antibayotiki za "UTI sugu". Tatizo lao ni moja, uke umesinyaa kwa kukosa homoni, ila limewakamata mahali tofauti. Wa tatu ukimpa kilainishi umemmalizia hela bure. Wa kwanza ukimwanzishia homoni siku hiyo hiyo, umeruka njia nyepesi iliyokuwa mbele yako.

Kinachotokea ndani ni hiki. Hedhi ikishapotea miezi 12 mfululizo, ovari zimeacha kutoa estrojeni kwa kiwango cha zamani, na ngozi ya ndani ya uke iliishi kwa homoni hiyo. Inakuwa nyembamba, inapoteza mikunjo iliyokuwa inairuhusu kutanuka, na damu inayopita hapo inapungua. Seli zake zilikuwa zinahifadhi sukari. Bakteria wazuri waliila wakatengeneza asidi. Sukari ikipungua, bakteria hao hupungua pia, na pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) iliyokuwa kati ya 3.8 na 4.5 inapanda kupita 5. Hapo bakteria wa haja kubwa wanapata uwanja wa kukaa, na njia ya mkojo iko sentimita chache tu kutoka hapo. Ndiyo maana tangu 2014 wataalamu wanaitaja shida ya uke na ya mkojo kwa jina moja. Joto la ghafla na jasho la usiku hupungua lenyewe miaka ikienda. Hili halipungui, linaongezeka.

Kwanza hakikisha ndilo lenyewe

Damu yoyote ikitoka baada ya miezi 12 bila hedhi, hata tone la rangi ya chai kwenye chupi, hainunuliwi dawa ya ukavu. Inapimwa. Ultrasaundi ya kupitia ukeni huonyesha unene wa utando wa ndani wa mfuko wa uzazi: milimita 4 au chini yake hutuliza wasiwasi, ukizidi hapo huchukuliwa kinyama kidogo kikapimwe maabara. Ni kweli uke mkavu unaweza kuchubuka na kutoa damu baada ya tendo, lakini hilo husemwa baada ya mengine kuondolewa.

Upimaji wa mlango wa kizazi kwa siki una mtego kwa umri huu. Ukishakoma hedhi, sehemu ambayo saratani huanzia hurudi ndani ya mfereji, na mpimaji haioni. Mama wa miaka 58 aliyeambiwa "uko safi" kwa siki peke yake hajapimwa vya kutosha. Aombe kipimo cha HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo. Kwa Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure au Bugando ndiko kwa kuulizia, si duka la dawa la mtaani.

Halafu kuna kichocho, ambacho kwa Kanda ya Ziwa hakiwezi kuachwa nje ya orodha. Kile cha mkojo, ambacho hutaga mayai hadi ukeni na kwenye mlango wa kizazi, hupatikana zaidi kwenye malambo na majaruba ya mpunga upande wa Misungwi, Kwimba na Magu. Ziwani kwenyewe kinachotawala ni kile cha tumbo. Mayai yakinasa kwenye ngozi ya uke huacha mabaka kama mchanga, yanayotoa damu yakiguswa. Maumivu wakati wa tendo, kuchomwa, damu kidogo: dalili zinafanana kabisa na za kusinyaa, na estrojeni haitaziondoa. Kama ulikulia kwenye majaruba, mwambie anayekupima, kwa sababu wengi hawaulizi mwanamke wa miaka 60 habari za kichocho. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 anameza vidonge 4 vya miligramu 600 kwa mara moja. Mabaka ya zamani huenda yasiondoke hata baada ya dawa, lakini minyoo hai inauawa.

Na fangasi? Ni wepesi kutuhumiwa na wagumu kupatikana. Fangasi wanapenda uke wenye estrojeni na sukari, kwa hiyo mwanamke aliyekoma hedhi, asiye na kisukari na asiyetumia homoni, mara chache muwasho wake unatoka huko. Akishapewa dawa ya fangasi mara tatu bila nafuu, ya nne haina maana.

Kilainishi na jeli ya unyevu si kitu kimoja

Madirishani vyote viwili huitwa "jeli", na hapo ndipo pesa hupotea. Kilainishi kinapakwa dakika ile ya tendo, kinapunguza msuguano, kinaisha. Jeli ya unyevu inawekwa ndani kwa ratiba, mara 2 au 3 kwa wiki, uwe na tendo au usiwe nalo. Kiini chake ni polikabofili au asidi ya hialuroni, vitu vinavyong'ang'ania ukuta wa uke na kushika maji kwa siku mbili tatu. Aliyenunua jeli ya unyevu akaipaka Jumamosi usiku tu ataapa haifanyi kazi. Kijana wa famasi akisema, "Mama, hii hapa, ni ya kulainisha tu," muulize: "Mwanangu, ni ya wakati wa tendo au ya kuweka kila baada ya siku tatu?" Kama hajui, msome maelekezo wote wawili.

Vilainishi vyenyewe viko vya namna tatu. Vya maji ni rahisi kuosha na havidhuru kondomu, ila hukauka katikati ya safari. Kunyunyiza maji kidogo kwa vidole huviamsha. Vya silikoni hudumu muda mrefu, havidhuru kondomu za mpira, na kwa ukavu mkali tunavipendelea, ingawa vinateleza sakafuni na kuacha alama kwenye shuka. Vya mafuta ndivyo vilivyo jikoni kwa kila mtu: nazi, alizeti, mafuta ya mgando. Hivi huharibu kondomu ya mpira ndani ya dakika chache, na kwa wenza ambao mmoja anaishi na virusi vya UKIMWI hilo linatosha kuviondoa kabisa. Mafuta ya mgando yana kosa la pili: hukaa ndani, na wanaoyatumia ukeni hupata zaidi maambukizi ya bakteria yanayoleta harufu. Mate hukauka kabla hujamaliza kulalamika.

Ukisoma lebo ya kilainishi cha maji, tafuta vitu viwili. pH iwe karibu na 4.5. Osmolaliti, yaani namna kilivyojaa vitu vilivyoyeyushwa, WHO inapenda isizidi 380, na ikishindikana isivuke 1200. Juu ya hapo jeli hunyonya maji kutoka kwenye seli badala ya kuzipa, kama chumvi kwenye samaki. Gliserini na propilini glikoli nyingi ndizo hupandisha namba hiyo. Lebo ikikaa kimya kuhusu namba, angalia vitu hivyo viko nafasi ya ngapi kwenye orodha. Vikiwa vya pili baada ya maji, tafuta nyingine. Yenye ladha, harufu au "joto la mahaba" iache hapo hapo.

Kiasi ni kijiko kimoja cha chai, nusu kwako kwenye mlango wa uke, nusu kwa baba. Wengi hujipaka wenyewe tu, kisha wanashangaa mbona pakavu.

Jeli ya unyevu au estrojeni ya kuweka ukeni?

Huu ndio uamuzi wenyewe, na jibu si lile ambalo watu hutarajia. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2018 liliwagawa wanawake 302 katika makundi matatu kwa wiki 12: wengine kidonge cha estradioli (aina ya estrojeni) ukeni, wengine jeli ya unyevu, wengine vya bandia vitupu. Dalili iliyokuwa ikimkera kila mmoja zaidi ilipungua kwa kiwango kinachokaribiana katika makundi yote. Kwa hiyo, kama shida ni ukavu na maumivu ya wastani, kuanza na jeli ya unyevu kwa wiki 8 hadi 12, pamoja na kilainishi wakati wa tendo, si kujinyima. Ni mwanzo wa maana, haudai cheti cha daktari, na mwenye historia ya saratani ya titi anaweza kuutumia.

UTI ni habari nyingine. Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya wanawake 93 waliokoma hedhi na waliokuwa wakiugua UTI mara kwa mara. Waliopaka krimu ya estrioli (nayo ni estrojeni) ukeni walipata wastani wa maambukizi 0.5 kwa mwaka. Waliopaka krimu isiyo na dawa, 5.9. Jeli ya unyevu haina rekodi kama hiyo, kwa sababu hairudishi bakteria wazuri wala haishushi pH kwa kudumu. Kama katika mwaka mmoja umepata UTI 3, au 2 ndani ya miezi 6, na mkojo umeoteshwa maabara ukaonyesha bakteria kweli, estrojeni ya ukeni ndiyo ya kuzungumza na daktari. Neno "umeoteshwa" ni la muhimu hapo. Kipimo cha kijiti peke yake, kwa mwanamke mwenye uke uliochubuka, mara nyingi huonyesha chembe nyeupe zilizotoka ukeni na si kwenye kibofu. Ndiyo njia mojawapo ambayo UTI "sugu" huzaliwa bila bakteria yeyote.

Estrojeni inashinda pia pale ngozi imeshapasuka, mlango wa uke umebana kiasi kwamba kifaa cha kawaida cha kupimia hakiingii, au jeli imetumiwa sawasawa wiki 12 bila nafuu.

Krimu, kidonge au pete

Nguvu zao hazipishani sana. Zinapishana kwa usumbufu na makosa.

Krimu ya estrioli ya 0.1% hutumiwa nusu gramu kila usiku kwa wiki 2 hadi 3, kisha nusu gramu mara 2 kwa wiki. Faida yake ni kwamba unaweza kupaka pale panapouma, na mara nyingi panapouma ni mlangoni, si ndani. Nusu gramu ni krimu inayotoka kwenye tyubu kwa urefu wa pingili moja ya mwisho ya kidole cha shahada, kuanzia ncha hadi mkunjo wa kwanza. Ukiwa na kibomba chake, jaza hadi mstari, lala chali ukunje magoti, elekeza kibomba chini kuelekea kiunoni si juu kuelekea tumboni, sukuma, toa. Kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Maji ya kuchemka hukikunja na mstari wa kipimo hausemi tena ukweli. Angalia namba ya tyubu kabla hujalipa: kuna estrioli ya 0.01% pia, ambayo ni hafifu mara kumi na kipimo chake ni tofauti. Anayebadilishiwa tyubu bila kubadilishiwa maelekezo hutumia wiki nzima kitu kisichomfikia.

Kidonge cha estradioli cha mikrogramu 10 kinawekwa ukeni kila siku kwa siku 14, halafu mara 2 kwa wiki. Hakichafui nguo, hakihitaji kupimwa. Kasoro yake inaonekana kwa wenye ukavu mkali: kidonge kinahitaji unyevu kidogo ili kiyeyuke, na wengine hukikuta kwenye chupi asubuhi kikiwa kizima. Kilowanishe kidogo kwa maji safi kabla ya kukiingiza. Kama kibomba kinachubua, krimu ya wiki mbili tatu kwanza, kidonge baadaye.

Pete laini hutoa mikrogramu 7.5 kwa siku na hubadilishwa kila siku 90. Kwa mama wa Ukerewe anayepaswa kuvuka kutoka Nansio kila anapohitaji dawa, ingekuwa ndiyo bora, ila asipande meli kabla hajaambiwa kwa simu kwamba ipo. Uke uliobana sana au kizazi kinachoshuka huisukuma nje.

Mahesabu ya miezi 3 ya kwanza: vidonge 34 (14 za mwanzo, na 2 kwa wiki 10 zinazobaki), krimu gramu 17 ukihesabu wiki 2 za kila usiku, maana yake tyubu ya gramu 15 haitoshi, jeli ya unyevu matumizi 24 hadi 36. Linganisha bei kwa hesabu hiyo, si kwa bei ya boksi moja. Na kama una bima, uliza kabla, maana dawa hizi si zote zimo.

Nafuu huanza wiki ya 2 hadi ya 4 na hukamilika wiki ya 8 hadi 12. Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha. Mtu anamaliza zile siku 14, anajisikia vizuri, anaona amepona. Baada ya miezi michache yuko pale pale. Ovari hazikurudi kazini. Dozi ya mara mbili kwa wiki ndiyo matibabu yenyewe. Chagua siku zinazokumbukika, Jumatano na Jumapili kwa mfano. Ukisahau, weka ukikumbuka, usizidishe. Moto kidogo siku za kwanza ni wa ngozi iliyochubuka. Ukivuka wiki mbili, rudi. Usiweke krimu ya homoni kama kilainishi kabla ya tendo, kwa sababu mwenzio ataipata yeye, na krimu nyingine zina mafuta yanayoharibu kondomu.

Nyumba ya bati Igoma au Buhongwa saa nane mchana si stoo ya dawa. Soma joto lililoandikwa kwenye boksi, mara nyingi 25 au 30, na uweke chini kabatini upande usiopigwa na jua. Usikimbilie friji bila kusoma. Vipo vidonge vya ukeni vinavyokatazwa friji.

Karatasi ya ndani inayotisha

Ukifungua boksi utasoma saratani ya titi, kiharusi na damu kuganda, na wengi huishia hapo. Maonyo mengi hayo yalitokana na utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo 2002, wa vidonge vya kumeza vyenye homoni mbili, si vya kuweka ukeni. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuanza kuyaondoa. Piga hesabu mwenyewe: kidonge cha mikrogramu 10 kwa mwaka mzima wa kwanza ni vidonge 114, jumla miligramu 1.14. Kidonge kimoja tu cha kawaida cha estradioli cha kumeza ni miligramu 1, na humezwa kila siku. Kwa kiwango hicho kidogo cha ukeni hakuna haja ya kuongezewa projestojeni ya kulinda kizazi.

Vidonge vya kumeza, viraka na jeli za kupaka mkononi ni vya mtu mwenye joto la ghafla na jasho linalomnyima usingizi. Kwa ukavu peke yake ni kuchoma nyumba umuue panya, na hata hivyo baadhi ya wanaovitumia bado huhitaji dawa ya ukeni. Mwenye kizazi ni lazima apewe na projestojeni. Vidonge vya uzazi wa mpango si mbadala: homoni yake ni kali zaidi, na baada ya miaka 50 hatari ya damu kuganda si ya kuchezewa.

Mwenye saratani ya titi, au aliyewahi kuwa nayo, aanze na vilainishi na jeli ya unyevu. Zikishindwa, uamuzi wa estrojeni ni wa daktari wake wa saratani, hasa akiwa anameza letrozoli au anastrozoli, dawa ambazo kazi yake ni kushusha estrojeni hadi chini kabisa.

Prasteroni, miligramu 6.5 ukeni kila usiku, na ospemifeni, miligramu 60 ya kumeza pamoja na chakula, ni dawa nyingine mbili za tatizo hili zilizopo kwenye vitabu; ya pili inaweza kuongeza joto la ghafla. Leza ya kuchoma ndani ya uke tusiilipie. Marekani ilitoa onyo kuhusu matangazo yake Julai 2018, na jaribio la Australia la wanawake 85, lililochapishwa 2021, liliikuta haina tofauti na leza ya kuigiza baada ya miezi 12. Shabu, siki, sabuni ya kuogea ndani, maji ya dawa ya kuua vijidudu na majani ya "kubana" vyote vinafanya jambo moja: vinakausha zaidi ngozi ambayo tayari imeisha. Maji matupu kwa nje yanatosha.

Wiki 12 zikipita bila nafuu

Usiongeze dozi. Shuku utambuzi. Muwasho mkali wa usiku, ngozi nyeupe kama karatasi iliyokunjwa, mashavu madogo ya uke yanayoyeyuka na kushikana: hiyo ni laikeni, ugonjwa wa ngozi, na dawa yake ni marhamu kali ya klobetasoli 0.05% kwa uangalizi wa daktari, si estrojeni. Isipotibiwa, mara chache hugeuka saratani. Na kama ngozi imepona, pH imeshuka, lakini kila jaribio la tendo bado linaishia mlangoni, misuli ya nyonga imejifunza kukaza kwa miaka ya maumivu. Krimu haiufikii msuli. Hapo anahitajika mtaalamu wa fiziotherapia, na mazoezi ya kutanua taratibu kwa kidole chako mwenyewe chenye kilainishi, dakika 5 hadi 10 mara chache kwa wiki, ukisimama pale maumivu yanapoanza.